Kijiko Kisichoazimwa

Wakikupa kile kijiko watakueleza mambo mengi, nawe utaitikia yote, kwa sababu mtoto amelala mapajani mwako na hawezi hata kumeza mate yake. Mimi niliitikia. Nakuandikia wewe mama mwenzangu utakayekipokea baada yangu, usome kabla hujaweka dole gumba kwenye karatasi yao.

Chenyewe ni kidogo tu, kingekuwa cha bati ungesema ni cha kukorogea chai. Lakini pale pa kuchotea ni kioo, na ndani ya kioo mmelala mwanga mwekundu unaosubiri kuamshwa. Sista Melania alikiweka mbele ya midomo ya binti yangu Nyamizi, akamwambia apulize. Mtoto alipuliza kwa taabu. Dawa ya sindano ilikuwa inapigana na ugonjwa kwenye damu yake, lakini ilikuwa imemchuna na mdomo pia, mashavu kwa ndani yamebabuka, ulimi umevimba umejaa. Kijiko kikanguruma kidogo kama paka aliyeshiba, kikawaka.

"Sasa kimekujua," Sista akamwambia. "Hiki ni chako wewe tu. Mwingine akipuliza hata avimbe shingo, hakiwaki."

Alinieleza kwamba vilipoanza kutolewa havikuwa na ufunguo wowote. Watu wakawa wanaviiba wodini wakasugulie nyuso, ngozi iwe laini ya kuendea harusini. Ndipo vikafungwa kwa pumzi, maana pumzi ya kila mtu ina alama yake kama kidole. Na pumzi ya usingizi hakiitaki, ili mtu asimvizie mgonjwa amelala akakiwashia.

Mimi nimeishia la saba, lakini swali huwa haliniishi. Nikamuuliza, kama kinaponya vidonda, mbona kisiponye na ugonjwa wenyewe tukarudi zetu nyumbani?

"Mama Nyamizi, mwanga huu hauponyi. Unalisha," akasema. "Nyama ya mdomoni imechoka, haijiwezi. Mwanga unaingia kwenye zile chembe zake ndogo ndogo, unazipa nguvu, zinajijenga zenyewe. Lakini mwanga haujui unamlisha nani. Ukimulika kidonda, kidonda kinashiba. Ukimulika uvimbe, na uvimbe unashiba."

Ugonjwa wa Nyamizi uko kwenye damu, mdomoni hakuna uvimbe, kwa hiyo kwake hakuna neno. Nikaweka dole gumba. Kabla kijiko hakijatiwa tena mdomoni jioni ile, mtoto aliomba maji akayanywa, nami nikaenda kusimama uani nikalia.

*

Kambi ya Alizeti iko nje ya Singida, upande wa ziwa la chumvi, chini ya yale mapanga makubwa yanayovuna upepo. Nyumba zimepangwa mstari mmoja, zimemwagwa na mashine kwa udongo, mashine ikapita ikaenda zake. Kila nyumba ina milango miwili. Unafungua wa kwanza, unasimama katikati hewa ioshwe, ndipo wa pili unakubali. Hakuna kutembeleana, kwa sababu damu ya wagonjwa haina askari, na mafua ya mwenzio yanaweza kuwa msiba wako. Chakula kinaletwa na kitoroli kisicho na mtu, kinasimama kwenye kidirisha cha mwisho wa mstari, kinapiga king'ora, unaenda kuchukua umejifunika uso, unarudi.

Mume wangu alibaki Nzega na wadogo zake Nyamizi. Mwanzoni alikuwa anatokea kwenye kioo cha ukutani kila jioni na maneno mengi. Baadaye akawa ananisimulia habari za kisima na mbuzi. Baadaye tukawa tunatazamana tu, yeye ananiuliza mmekula, namjibu tumekula, kisha mmoja wetu anasema mtandao ni mbaya. Haukuwa mbaya. Mimi nilifikia mahali pa kuongea na sufuria. Naiambia, wewe leo umeungua, na mimi leo nimechoka, tusameheane.

Aliyetupa watu ni ukuta. Upande wa pili alikuwa amelazwa Mzee Msengi, mtu wa Iramba, na Sista ndiye aliyetuambia habari zake. Alikuwa dalali wa mnada wa ng'ombe. Uvimbe ulimwota kwenye shina la ulimi, miale ya kuuchoma ikamuunguza mdomo mzima, akawa hatoi neno. Hana mwangalizi. Kusoma na kuandika hajui. Basi alikuwa akigonga ukuta kwa kijiko chake cha chakula, taratibu, kama mtu anayejaribu kama kuna mwenyeji. Nyamizi akawa anamjibu kwa kugonga chake.

Nyuma ya kitanda cha Nyamizi palikuwa na tundu la bomba la maji lililong'olewa. Mkono wa mtoto unapita. Mimi nililiona tundu lile nikafikiri habari ya panya tu.

Halafu siku moja nakoroga uji wa ulezi, nasikia sauti ya kiume inatoka ukutani, nene, ina mikwaruzo, lakini inatembea kwa mwendo wa mnadani.

"Haya, haya, uji huo mbele yenu, wa ulezi, umekorogwa na mama mwenye mkono, haujaungua kama wa jana. Nani anafungua bei?"

Nilishika mwiko nikaganda. Nyamizi akajibu kutoka kitandani, "Kuku."

"Kuku mmoja. Wa kienyeji au wa mashine?"

"Wa mashine."

"Bibi huyu anamdhulumu mama yake. Kuku wa mashine tunamkataa. Natafuta mbuzi, natafuta mbuzi, yule bwana mwenye kofia usinikonyeze, toa mbuzi. Mbuzi mara ya kwanza. Mbuzi mara ya pili." Akapiga ukuta kwa kiganja. "Mara ya tatu. Umeuzwa. Mwenye mali ale mali yake."

Nyamizi akala bakuli zima. Mimi nilicheka nikajiegemeza ukutani, na ule ukuta nikausikia ukicheka nao.

Kuanzia hapo nyumba yetu ikawa nyumba. Aliuza shuka za hospitali, aliuza upepo, alimuuza Sista Melania na viatu vyake vya plastiki. Mimi alinifundisha kwamba dalali akisema ng'ombe huyu ni mpole, ujue amemfunga miguu. Nilimsimulia mambo ambayo hata mume wangu sijamsimulia. Nikawa nashukuru, nasema dawa zimeanza kumkubali mzee wa watu. Asubuhi nikiamka nilikuwa nasikiliza kwanza ukuta.

*

Mchana mmoja nilirudi na chakula mapema kuliko kawaida, kitoroli hakikuwa na foleni. Mlango wa pili ulipofunguka nikamkuta Nyamizi amelala kifudifudi kitandani, mkono umezama tunduni mpaka begani. Na kwenye tundu, kuuzunguka mkono wake, kulikuwa na mstari mwembamba wa wekundu. Mwanga ulikuwa unatoka upande wa pili.

Nikamwuliza anafanya nini. Hakushtuka hata.

"Nampa babu moto."

Nilizitua sahani chini. Mwanangu akanieleza kama mtu anayemweleza mgeni. Babu alikuwa hawezi kuongea. Yeye anakipuliza kinawaka, anakipitisha, babu anajimulika, anakirudisha, yeye anakifuta kwa ile dawa ya kufutia kabla hajakirudisha kwenye kasha lake. Akaniambia kuwa hakijapungua hata kidogo, niangalie mwenyewe.

"Moto haupungui ukigawiwa. Wewe ndiye ulisema, Mama."

Kweli nilisema. Kwetu, hata sasa tunapopikia umeme wa upepo, bado mtoto anafundishwa hivyo. Jirani akija kuomba moto, hata kama mligombana jana, unamwachia achukue. Anayenyima moto huyo ni mchawi au yuko mbioni kuwa. Nyamizi hajawahi kuona mtu akibeba kijinga cha moto kutoka jiko moja kwenda jingine, lakini neno lile alikuwa nalo, akalitumia mahali alipoliona linafaa. Ningempigia nini?

Nilimketisha, nikamweleza aliyosema Sista kuhusu mwanga na uvimbe. Aliuma mdomo, akanitazama, akauliza kama babu anajua.

Nikapiga magoti penye tundu, nikamwita. Nilimwambia yote.

"Mimi waliniambia hakinifai," akasema. "Nikajua ni kwa ajili ya uzee. Nikasema, wanawapa watoto kwanza, sawa, hata mnadani ndama hunyweshwa kwanza. Hawakuniambia kinalisha nini."

Nikamwambia sasa ajue, na kijiko hakitapita tena.

"Mama Nyamizi." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Tangu hizi alizeti za hapo nje zikiwa miche nilikuwa bubu humu ndani. Unamjua ng'ombe asiye na alama? Anakufa njiani, watu wanapita, hakuna wa kusema huyu ni wetu. Niachie hicho kitu. Uvimbe ni wangu, bei nalipa mimi."

Nataka usome hapa polepole, mama mwenzangu, maana na wewe unaweza kupigishwa magoti penye tundu kama lile. Moyo wangu ulitaka kumwachia. Na si kwa ajili yake tu. Mimi nilijua nikimnyima, nyumba yangu inarudi kuwa kimya, na nitarudi kwa sufuria. Lakini kuna jambo yeye hakulitaja.

"Uvimbe ni wako, mzee," nikamwambia. "Pumzi ni ya mwanangu. Ukikua, umekuzwa na pumzi yake. Siku akiwa mtu mzima ataihesabu mwenyewe, mimi sipo wa kumwambia hakukosea."

Nikasokota kanga yangu, nikaisindilia tunduni mpaka ikakaza.

*

Nilifikiri nimemaliza, kumbe nilikuwa nimesahau nani mwenye ufunguo.

Jioni nilimpa Nyamizi kijiko, akakigeuza geuza, akanirudishia.

"Babu hana. Na mimi sina."

Nilimbembeleza, nikamfokea, nikambembeleza tena. Baba yake alitokea kwenye kioo cha ukutani akamwita kwa jina la bibi yake, jina la heshima, akampa amri. Mtoto alifumba macho. Alipopitiwa na usingizi wa mchana nilikiweka puani pake nikasubiri, nikijua kabisa nilichoambiwa. Hakikuwaka. Kitu wamekitengeneza kikatae kuibiwa, na mimi nilikuwa mwizi kama wale wa wodini.

Sindano nyingine ilimkuta hana mwanga. Vidonda vikarudi mashavuni, vikashuka kooni. Uji ukawa unamwagika pembeni ya mdomo na rangi ya damu. Akaacha kuongea, akawa anaonyesha kwa kidole. Upande wa pili nako kimya, maana wa kule vidonda vyake vilikuwa vinarudi vilevile. Nilikaa katikati ya hao wawili waliosusa, nina maneno tele na hakuna wa kuyapokea.

Nikachomoa kanga. Nilimwambia Mzee Msengi, bila salamu, kuwa mtoto amesusa mwanga kwa ajili yake, na koo limeanza kufunga. Nikamwambia mimi amenishinda. Nikaketi sakafuni nikangoja.

Alipoanza, sikuitambua sauti. Ilikuwa inatoka kipande kipande, kama mtu anayetembea juu ya changarawe bila viatu.

"Haya. Haya. Mbele yenu kuna mwanga. Mwekundu. Haujapata kuugua. Nani anafungua?"

Nyamizi aligeuza uso kuelekea ukutani.

"Kuna bwana mmoja hapa, katoka Iramba, kaleta maksai wake wote. Nimemkatalia. Nimewatazama meno, wanaumwa wale." Akapumzika. "Yule mama aliyekaa chini, usinipungie kanga, kanga yako imekaa kwenye tundu la panya. Mimi leo natafuta pumzi. Pumzi moja tu. Ya yule binti aliyenuna."

Nilimwona mwanangu akishika shuka.

"Pumzi mara ya kwanza. Pumzi mara ya pili."

Hapo nikamsikia akimeza mate. Kama hujamuuguza mtu mwenye vidonda vile hutajua kumeza mate kunagharimu nini. Nyamizi anajua. Alinyoosha mkono, akachukua kijiko, akakipuliza. Kikanguruma, kikawaka, uso wake wote ukawa mwekundu.

Kiganja kikapiga ukuta.

"Mara ya tatu. Umeuzwa. Mwenye mali atumie mali yake, asimwazime mtu."

*

Mdomo ulipoanza kufunguka na mtoto akalala ameshiba, mzee aliniita kwa kunong'ona. Akaniambia Sista akija nisiseme.

Yeye alikuwa ameshafikiri mbali kuliko mimi. Kijiko kilichoingia midomo miwili kinachukuliwa, kinarudishwa kilikotengenezwa kusafishwa na kufungwa upya, na Nyamizi bado alikuwa na sindano mbele. Nikamwuliza, na uvimbe wako je? Akasema wataupima siku watakayoupima, miale ikiisha.

"Kama umelishwa, si wanatakiwa kujua sasa?"

"Mimi nilinunua maneno, nikayatumia, nikafurahi. Dalali hadai kurudishiwa. Mtoto akipona, msomeshe."

Nilikaa na jambo hilo tumboni. Nikilitazama huku, naona koo la mwanangu. Nikilitazama kule, namwona mtu anayejifia taratibu nyuma ya udongo wa unene wa kiganja, kwa ajili ya uji wa mtoto wangu, na mimi napika. Hakuna wa kumwuliza. Baba Nyamizi angesema nyamaza, na nisingemlaumu.

Sista Melania alikuja na vazi lake la kuzibwa, akammulika Nyamizi mdomoni, akafurahi, akasema huyu anapona kama mparachichi unavyochipua. Kisha akauliza lile swali wanaloulizaga kila mara wakiwa wanafunga mkoba, hata hawakutazami.

"Kijiko hakijatoka nyumba hii?"

Nilitakiwa kutikisa kichwa tu. Nimeshamwitikia mengi. Nyamizi alinitazama, mdomo wake msafi, midomo yake laini, na nikajua kuwa anangoja kuona mama yake ni mtu gani.

"Kimetoka," nikasema. "Kimemlisha jirani. Nendeni mkamwangalie upesi."

*

Kijiko kilifungwa kwenye mfuko kikaenda. Mzee Msengi alibebwa na kitoroli kikubwa, akapigwa picha, akarudishwa, na miale yake ikabadilishwa. Walichokiona walimwambia yeye, mimi si ndugu. Tangu arudi hajasema neno, na sijui kama ni vidonda au ni mimi. Nyamizi amechomwa sindano nyingine bila mwanga, amefumba mdomo, ananionyesha kwa kidole. Katika mstari huu wote labda mdomo mzima ni wangu peke yangu, na sina wa kuongea naye.

Kwa hiyo mama mwenzangu, kabla hujaweka dole gumba, uliza nani analala nyuma ya ukuta wako, na yeye ameambiwa nini. Wataandika mtoto ana uzito gani, anadhurika na chakula gani, anakunywa maji ya wapi. Mimi hawakuniuliza nimemfundisha nini kuhusu moto. Ningewajibu. Na usidhani nakwambia usimfundishe.

Jana nilikuwa nasugua sufuria, ukuta ukagongwa. Mara moja. Nyamizi akainua kichwa kwenye mto. Ukagongwa mara ya pili. Tukangoja, mimi na povu mikononi, yeye amejiinua kwa kiwiko. Ya tatu, ile ya kuuza, haikuja.

Mtoto akapapasa pembeni, akachukua kijiko chake cha uji, cha bati, kisichojua pumzi ya mtu. Akagonga moja. Akagonga mbili. Kisha akakizuia hewani, akanitazama macho yakicheka juu ya ule mdomo uliofungwa, wala hakugonga ya tatu.